Shaaban Robert: Karani Aliyewaandikia Wanawe



Ingia soko la Owino siku yoyote, upite kwenye mitumba na viatu, utasikia Kiswahili kwa wachuuzi, wapagazi na wateja waliotoka Kenya na Kongo. Ukirudi chuoni, lugha hiyo inaonewa haya. Wazee wetu hapa Kampala waliisikia kwa wanajeshi wenye bunduki, na wengi bado wanaiita lugha ya amri na ya wezi. Serikali iliidhinisha mwaka 2022 ifundishwe mashuleni, lakini idhini haiondoi chuki moyoni. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na anayeniambia Kiswahili hakina adabu humtajia marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni akiwa karani: kwanza forodha, halafu idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji. Chuo kikuu hakukiona. Mchana alifanya kazi chini ya wakubwa wa Kizungu. Vitabu vyake aliviandika nje ya saa za kazi.

Kimojawapo ni Maisha Yangu, ambacho baadaye kiliunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Ni habari za maisha yake mwenyewe, ila husomeka kama riwaya. Humo tunamkuta mkewe Amina, ndoa yao, na mauti yaliyomchukua akamwacha mume na watoto wadogo.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mjane yule hakuishia kulia. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, akiwausia kumcha Mungu, kuwatii wazazi na kuishi na watu kwa wema. Mshahara wa karani haukutosha kuwaachia mali, akawaachia malezi yaliyoandikwa. Na aliyaandika kwa lugha ileile tunayoikimbia.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Shaaban alizishughulikia mbili kwa kalamu moja.

Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani wanaotutazama. Tunawatumia pesa ya simu na picha za mahafali. Likizo hii tuwaandikie wasia, hata ukurasa mmoja, kwa lugha wanayoielewa, iwe Luganda, Lusoga au Kiswahili cha Owino.

Allah amrehemu Shaaban, na atupe kalamu zenye manufaa. Amin.