Davey O'Brien: mfupi aliyeitikisa Texas

Mashabiki wa TCU, chuo kikuu kilichoko Fort Worth, Texas, wamebishana kwa miongo mingi: katika kandanda ya Kimarekani, nani alikuwa bora zaidi, Sammy Baugh au Davey O'Brien?

O'Brien alizaliwa Dallas mwaka 1917. Kimo chake kilikuwa sentimita 170 na uzito wake kilo 68 hivi, umbo dogo mno kwa mchezo wa kukumbana na kuangushana. Mwaka 1936 alikuwa mchezaji wa akiba nyuma ya Baugh. Baugh alipoondoka, kazi ya kuongoza mashambulizi ikamwangukia yeye.

Msimu wa 1938 TCU ilishinda mechi zote 11 na kutawazwa bingwa wa taifa, naye O'Brien akatunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo Baugh hakuipata kamwe. Kwa miaka ya chuoni, basi, mizani yaelemea upande wa O'Brien.

Katika ligi ya kulipwa mambo yaligeuka. Baugh alidumu misimu 16 mjini Washington. O'Brien alicheza miwili tu mjini Philadelphia. Mechi yake ya mwisho, Desemba 1940, ilikuwa dhidi ya Baugh huyo huyo: alirusha pasi 60, na bado akashindwa. Kisha akajiunga na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, akalitumikia miaka 10. Alifariki Fort Worth kwa saratani mwaka 1977.