Khabari za Sheikh Ramiya wa Bagamoyo

Ama baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, jua, ewe ndugu, ya kwamba Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Ramiya, alizaliwa bara ya Kongo. Alitekwa angali mtoto, akauzwa Bagamoyo kwa Amir bin Sulaiman el-Lamki. Omar bin Said naye aliuzwa Marekani, akaandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, akafa hajaachwa huru. Ramiya alisomeshwa, akachuuza samaki, akanunua mashamba ya minazi, wala hakuacha kitabu. Akawa khalifa wa Kadiria, akafungua madrasa, na waungwana wakakaa mbele ya aliyekuwa mtumwa. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walimpa uliwali. Alifariki mwaka 1931. Basi, mwalimu, usimdharau mtoto asiye na ukoo akaaye nyuma chuoni. Mungu amrehemu Sheikh. Amin.