Florence Nightingale, Mama wa Wauguzi

Ndugu msomaji, hata leo mwanafunzi akisema anataka kuwa muuguzi, hawakosi watakaomcheka na kumwuliza kwa nini asiwe daktari. Hebu nikusimulie habari za mwanamke aliyepingwa kuliko huyo.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, mjini Florence, Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza waliojiweza. Alipotangaza kuwa anataka kuuguza wagonjwa, nyumbani hapakukalika! Siku hizo wauguzi walidharauliwa na kudhaniwa kuwa walevi tu. Yeye hakutikisika. Mwaka wa 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kazi.

Mwaka wa 1854 Uingereza ilikuwa ikipigana na Urusi katika vita vya Crimea. Mwezi wa Novemba Florence aliwasili na wauguzi 38 katika hospitali ya jeshi huko Scutari, Uturuki. Wagonjwa walilala katika uchafu usiosemeka, lakini madaktari hawakuwataka wanawake hao hata kidogo. Je, aligombana nao? La. Aliwakataza wauguzi wake kumgusa mgonjwa yeyote mpaka madaktari waombe msaada. Basi wakakaa wakishona mashuka. Haukupita muda, majeruhi wa vita vya Inkerman wakamiminika. Kazi ikawalemea madaktari, wakawaita wenyewe!

Wauguzi walisafisha wodi na kufunga vidonda. Usiku Florence alipita na taa akiwatazama wagonjwa. Hata hivyo vifo vilizidi, vikapungua mwaka wa 1855 baada ya mitaro ya maji machafu kusafishwa. Aliporudi kwao alikusanya hesabu za vifo, akazichora, na kumbe askari wengi waliuawa na maradhi wala si risasi! Wakubwa wa jeshi na serikali wakalazimika kumsikiliza.

Mwaka wa 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Uuguzi ukawa kazi ya kusomewa. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Siku aliyozaliwa ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Wahenga hawakukosea, chanda chema huvikwa pete. Nawe unayechekwa bwenini kwa kazi unayoitamani, jifunze kazi hiyo barabara. Iko siku watakuita wenyewe.