Albrecht von Graefe

Albrecht von Graefe (Berlin, 22 Mei 1828 – Berlin, 20 Julai 1870) alikuwa daktari wa macho kutoka Prusia, leo sehemu ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuanzisha upasuaji wa glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho.

Maisha

Baba yake, Karl Ferdinand von Graefe, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri. Alifariki mwaka 1840. Albrecht alipata shahada ya udaktari mwaka 1847, kisha akaendelea kujifunza Praha, Paris, Vienna na London. Aliporudi Berlin alifungua kliniki ambamo maskini walitibiwa bure. Mwaka 1854 alianzisha jarida la elimu ya macho linaloendelea kutolewa hadi leo.

Wanafunzi wake walikuwa pamoja na Theodor Leber na Julius Hirschberg.

Upasuaji wa glakoma

Kabla yake, mgonjwa wa glakoma ya ghafla aliumwa vikali na kwa kawaida aliishia kuwa kipofu, kwa sababu hapakuwa na tiba. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na Graefe alikuwa kati ya waliokitumia mapema. Mwanzoni alidhani kwamba kichwa cha neva ya jicho kimevimba. Baadaye alikubali kuwa kimebonyea. Alama hiyo ndiyo madaktari wanayoitafuta mpaka sasa.

Kwa kuwa aliona shinikizo ndani ya jicho kuwa kiini cha ugonjwa, alikata kipande cha irisi, yaani sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Matokeo aliyatangaza mwaka 1857: maumivu yalikoma na wengi walihifadhi uwezo wa kuona. Sababu ya mafanikio ilieleweka baadaye: tundu hilo hupitisha majimaji yaliyozuiwa nyuma ya irisi, na njia yake ya kutokea hufunguka tena.

Kwa glakoma inayokuja polepole bila maumivu, njia hiyo ilisaidia kidogo tu. Upasuaji unaotumika sana kwa aina hiyo, trabekulektomia, ulielezwa na John Cairns wa Cambridge mwaka 1968; nao huweza kushindwa kovu likiziba njia mpya. Tena, kushusha shinikizo hakurudishi neva iliyokufa. Kwa hiyo watafiti wanachunguza kama nikotinamidi, aina ya vitamini B3, inaweza kuikinga neva pamoja na matibabu ya kawaida. Mwaka 1917 hata jina la vitamini lilikuwa bado changa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kinga hiyo katika panya, na majaribio kwa binadamu yamefuata.

Kifo

Graefe aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi, lakini hakuacha kupasua wala kufundisha. Alifariki akiwa na umri wa miaka 42. Sanamu yake iliwekwa Berlin karibu na hospitali ya Charité mwaka 1882.