Seth Boyden
Seth Boyden (Foxborough, Massachusetts, 17 Novemba 1788 – Hilton, New Jersey, 31 Machi 1870) alikuwa mvumbuzi wa nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa ngozi ya kung'aa, ile ya viatu vya sherehe na mikoba, na kwa chuma cha kalibu kisichovunjika upesi.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya wakulima na mafundi. Mdogo wake, Uriah Boyden, naye alikuja kuwa mhandisi wa mitambo ya maji. Mwaka 1815 Seth alihamia Newark, New Jersey, akiwa na mashine ya kupasua ngozi nene kuwa tabaka nyembamba.

Ngozi ya kung'aa

Inasimuliwa kwamba alionyeshwa kipande cha ngozi ya Kijerumani kilichong'aa kama kioo, kutoka kwenye kofia ya askari, akaamua kutafuta mwenyewe namna ya kukitengeneza. Mwaka 1819 alianza kuuza ngozi yake.

Siri ilikuwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kuvukizwa kama maji, bali hushika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Yakichemshwa kwanza hukauka haraka zaidi. Ugumu wa kazi ni kwamba kiatu hukunjwa kila mtu anapopiga hatua. Tabaka likiwa nene, juu hukauka kabla ya chini na kufanya makunyanzi. Likiwa gumu mno hupasuka. Kwa hiyo Boyden alipaka tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke.

Kwa Kiingereza bidhaa hii huitwa kwa jina lenye maana ya ngozi yenye hataza. Hataza ya namna hiyo ilikuwa imetolewa Birmingham, Uingereza, mwaka 1793, lakini Boyden hakuomba hataza kwa njia yake. Wengine waliifuata bila kumlipa, na Newark ikawa mji mkubwa wa viwanda vya ngozi. Siku hizi ngozi ya kung'aa hupakwa zaidi plastiki zinazotokana na petroli, ingawa watafiti wameanza kurudia mafuta ya mimea.

Kazi nyingine

Baadaye aliuza kiwanda cha ngozi akageukia chuma. Mwaka 1826 alifaulu kutengeneza chuma cha kalibu kinachoweza kupondwa bila kuvunjika, akapata hataza yake mwaka 1831. Mwaka 1837 alitengeneza injini ya treni iliyoitwa Orange kwa reli ya Morris and Essex. Ilipaswa kupanda mlima mkali. Mwaka 1849 alikwenda California kutafuta dhahabu, akarudi bila utajiri.

Uzeeni aliishi Hilton, akizalisha aina za stroberi zenye matunda makubwa. Mojawapo ilipewa jina lake. Alifariki akiwa na mali kidogo, ingawa viwanda vilivyotokana na kazi zake vilikuwa vimewatajirisha wengi.

Kumbukumbu

Mwaka 1890 wakazi wa Newark walimsimamishia sanamu iliyochongwa na Karl Gerhardt. Inamwonyesha akiwa amevaa aproni ya kazi. Mwaka 2006 aliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani.