Maisha ya Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, Kadhi wa Kilwa na Unguja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika nchi iliyo baina ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, nchi ya Ruangwa na Nachingwea, zimo nyumba nyingi ambazo ndugu wawili wa tumbo moja hawaendi mahali pamoja kuabudu. Mmoja husimama katika safu za msikitini, na mwenziwe hukaa katika viti vya kanisani. Jembe lao ni moja na kisima chao ni kimoja, na ukifika msiba hukaa tanga moja. Lakini zipo siku ambazo fitina huingia. Pengine ni siku ya kuoza, wakagombana wazee wa pande mbili. Pengine ni siku ya kuzika, wakashindana jamaa juu ya maiti ambaye hawezi tena kusema neno. Au hutokea mtu aliyepewa kijitabu cha dini nyingine, akakichana mbele ya watu, akadhani ameinusuru dini yake.

Kwa sababu hiyo yafaa watu wa nchi hiyo wazijue khabari za mwanachuoni mmoja mkubwa aliyekaa kadhi katika mji wa Kilwa, akafika mpaka Ruvuma, naye alikutana na padri wa Kikristo kabla mapadri hawajafika Masasi. Mwanachuoni huyo ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Sheikh Abdulaziz alizaliwa Barawa, katika pwani ya Banadir, katika miaka ya 1830. Barawa ulikuwa mji wa elimu. Watu wake walisoma fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafii, na lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili. Akatoka kwao angali kijana akaja Unguja, akasoma kwa Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, ambaye naye asili yake ni Barawa, na alikuwa kadhi na mshairi. Alisoma sharia, nahau, elimu ya itikadi na elimu ya tasawwuf, hata akajulikana kwa wepesi wa fahamu na kwa wingi wa kusoma. Baadaye akawa mmoja wa wakubwa wa tarika ya Kadiria katika Unguja.

KADHI WA KILWA

Alipokuwa bado kijana sana, Sayyid Said bin Sultan alimtia kuwa kadhi wa Kilwa. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Kilwa ya siku hizo ilikuwa mlango wa bara yote ya kusini. Njia ya misafara kutoka Ziwa la Nyasa ilishukia huko, na katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na kwa huzuni kubwa walipita na watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Wayao, Wamwera, Wamakua na Wangindo waliujua mji huo, baadhi yao kwa biashara na baadhi yao kwa msiba. Na kwa njia hiyo hiyo, pamoja na njia ya Lindi, ndiyo walimu wa Kiislamu walipanda kidogo kidogo kwenda bara.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Sayyid Said na dola yake walikuwa Waibadhi, na Sheikh Abdulaziz alikuwa Mshafii. Hitilafu za madhehebu hizi mbili zimo katika mambo makubwa ya itikadi, si katika mambo madogo tu. Pamoja na hayo mfalme hakuwalazimisha raia wake Washafii kuhukumiwa na kadhi asiyekuwa wa madhehebu yao. Waibadhi walikuwa na makadhi wao, na Washafii walikuwa na wao. Mabaniani waliachiwa mahali pao pa kuabudia, na Makhoja na Mabohora wakawa na majumba yao ya ibada. Sheikh Abdulaziz alikulia katika desturi hiyo, akaitumikia. Baadaye akahamia Unguja, akawa kadhi huko miaka mingi katika siku za Sayyid Majid na za waliomfuata.

ZABURI KUMI NA SITA

Katika mwaka wa 1864 walifika Unguja mapadri wa Kiingereza, na pamoja nao Edward Steere, mtu mwenye elimu na subira, aliyetaka kukijua Kiswahili ili apate kuvifasiri vitabu vya dini yake. Mapadri Wafaransa walikuwa wamekwisha kuwatangulia tangu mwaka wa 1860. Steere alitafuta walimu miongoni mwa wenyeji, na mmoja katika waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdulaziz.

Sheikh alijitolea mwenyewe, bila ya kulazimishwa, kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kuzitia katika Kiswahili safi. Naye alikuwa kadhi wa Kiislamu, na aliyekuwa akimfanyia kazi hiyo ni padri aliyekuja kuwaita watu katika Ukristo. Asiyefikiri huenda akasema kwamba jambo hilo ni udhaifu wa dini. Lakini Sheikh alijua analolifanya. Muislamu huamini kwamba Mwenyezi Mungu alimteremshia Nabii Daudi Zaburi, na kuamini vitabu vya Mungu ni katika nguzo za imani. Kufasiri maneno si kukubali kila itikadi ya mwenye kuyataka. Na mtu anayetaka kukujua kwa lugha yako si vyema kumfungia mlango. Kwani ukimfungia, atakujua kwa maneno ya wale wanaokuchukia.

Kazi hiyo haikufika mwisho. Katika hesabu ya Wakristo Zaburi ni 150, na Sheikh hakupita ya 16. Steere mwenyewe aliziandika sababu zake, katika dibaji ya kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilichopigwa chapa London katika mwaka wa 1870. Alieleza ya kuwa Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha elimu ya juu mno, hakikuwafaa watu wa kawaida ambao padri alitaka kuwasomea. Juu ya hayo alimtaja kwa heshima na kwa shukrani. Hivyo padri hakuona haya kukiri kwamba amesaidiwa na kadhi, wala kadhi hakuona haya kumsaidia padri. Mapenzi ya Sheikh kwa lugha hii hayakukoma hapo, kwani alianza pia kutunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, ingawa hakuwahi kuimaliza.

KUJADILIANA KWAKE NA MAPADRI

Asidhani mtu ya kuwa Sheikh Abdulaziz aliona dini zote ni sawa. La, sivyo. Alikuwa Muislamu madhubuti, na alijadiliana na mapadri katika mambo ya itikadi yaliyowatenga. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni mwaka wa 1873, kwa mapatano aliyoyatia mkono Sayyid Barghash. Mwaka huo huo mapadri wakaweka msingi wa kanisa lao mahali pale pale, Mkunazini. Wanavyuoni wa mjini walikuwa jirani zao. Walisikia waliyoyahubiri, wakayajibu, wala hawakurusha jiwe.

Desturi hiyo iliendelea. Mwaka wa 1891 mwanachuoni kijana wa Kiibadhi, Sheikh Ali bin Muhammad Al-Mundhiri, alitunga kwa Kiarabu kitabu cha kuijibu risala ya Wakristo. Alisoma vitabu vyao, akatoa hoja kwa hoja. Risala ilijibiwa kwa risala, na kila mwenye akili aliachiwa apime mwenyewe.

SAFARI YA RUVUMA

Sayyid Barghash alimtuma Sheikh Abdulaziz katika kazi za dola kwenda nchi za Ruvuma, kuonana na wakubwa wa huko, nyakati ambazo Wazungu walikuwa wameanza kuzitamani nchi za bara. Sheikh aliandika khabari za safari yake kama ilivyokuwa ada yake, kwani kalamu haikumtoka mkononi.

Padri Steere naye alikuwa amekwisha kupita upande huo. Mwaka wa 1876, baada ya kufanywa Askofu, alitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, akakusudia kwenda Nyasa. Walipofika Masasi wengi wao waliona wamekaribia kwao, wakakaa hapo wakajenga. Ndio mwanzo wa Ukristo katika upande huo, kusini ya Nachingwea. Hivyo watu wawili waliokuwa wakiziangalia Zaburi pamoja katika mji wa Unguja, kila mmoja alizikanyaga nchi za kusini kwa wakati wake. Askofu Steere alikufa Unguja mwaka wa 1882.

KUFUNGWA KWA SHEIKH ALI BIN ABDALLAH

Ukweli haufichwi: desturi njema ya dola hiyo ilivunjwa mara nyingine, na waliodhulumika walikuwa Waislamu kwa Waislamu. Sayyid Barghash alikuwa mfalme mwenye sifa nyingi. Aliweka mtambo wa kupigia chapa, akavipiga vitabu vikubwa vya sharia ya Kiibadhi. Aliwaacha Wakristo wajenge kanisa katikati ya mji wake. Lakini alipotokea Sheikh Ali bin Abdallah Al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kishafii, akasomesha na kuyapinga maneno ya Waibadhi katika itikadi, hata baadhi yao wakaifuata madhehebu yake, Sayyid hakulivumilia jambo hilo. Akamtia gerezani.

Kumstahimilia aliye mbali ni jambo jepesi. Aliye mbali hadaiwi kufuata, wala hakutii hofu ya kukunyang'anya watu wako. Mtihani ni kumstahimilia ndugu aliye karibu, anayesali kuelekea kibla chako, kisha akakuambia kwamba umekosea. Katika mtihani huo Sayyid Barghash, pamoja na ukubwa wake, hakushinda. Sheikh Ali alikaa kifungoni mpaka alipokufa Sayyid Barghash mwaka wa 1888, na nduguye Sayyid Khalifa akamfungua. Gereza halikuifuta elimu yake. Alikufa mwaka wa 1894, akaacha wanafunzi, na akaacha mwana mdogo, Al-Amin, ambaye baadaye alikuwa katika wa kwanza kuandika magazeti na vijitabu vya dini kwa Kiswahili.

KUFA KWA SHEIKH ABDULAZIZ NA YALIYOFUATA

Sheikh Abdulaziz alifariki mwaka wa 1896, mwaka ambao manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga nyumba ya mfalme wa Unguja. Mwanawe, Sheikh Burhan, alikuwa kadhi wa Unguja baada yake, na vitabu alivyoviacha ni katika sharia, nahau, tasawwuf na tarikh.

Katika nchi za kusini mambo yalikuja kuwa mazito. Mwaka wa 1905 vita vya Maji Maji viliwaka. Masasi, Lukuledi na Nyangao majumba ya misheni yakachomwa moto, kisha jeshi la Wajerumani likachoma vijiji na vyakula, njaa ikaua watu wasiokuwa na hatia. Mwaka wa 1908 ukaenea Lindi na pwani waraka ulioitwa waraka wa Makka, wenye kuwaonya Waislamu warejee katika dini, na serikali ya Kijerumani ikauogopa kama kwamba ni bunduki. Moto haukuumaliza Ukristo, wala hofu ya serikali haikuumaliza Uislamu. Wajerumani waliondoka, na misikiti na makanisa vikabaki, mpaka sharia kuu ya Tanzania ya mwaka wa 1977, katika ibara yake ya 19, ikathibitisha ya kuwa kila mtu ana uhuru wa kuamini dini aitakayo na wa kuibadili.

MAZINGATIO

Kurani Tukufu, katika sura ya Bakara, imekwisha kukataza mtu kushurutishwa katika dini. Sheikh Abdulaziz aliyasoma hayo, akayatenda kwa kalamu yake. Alimsaidia padri katika lililokuwa la haki, akampinga katika lililokuwa la hitilafu, wala la kwanza halikumzuia la pili.

Basi mtu wa Ruangwa au wa Nachingwea akipewa kijitabu kilicho kinyume cha imani yake, akisome au akirudishe, na akiwa na elimu akijibu. Ugomvi wa maziko ukitokea, na waulizwe walio hai yale aliyoyaamini maiti katika uhai wake, wala isiangaliwe ni upande gani wenye watu wengi. Na anayejiona mstahimilivu kwa sababu hagombani na jirani yake Mkristo, aiulize nafsi yake humtendeaje Muislamu mwenziwe wa tarika nyingine au madhehebu nyingine. Hapo ndipo alipojikwaa mfalme.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdulaziz, na amrehemu Sheikh Ali aliyefungwa na Sayyid aliyemfunga, na awape watu wa nchi za kusini kuishi kwa amani katika nyumba zao. Amin.