IMAMU AL-GHAZALI NA MIZANI YA FIKRA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tunaeleza maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumemchagua kwa sababu wapo miongoni mwetu, hapa Ndalambo na kwingineko, wanaodhani kuwa hesabu ni mambo ya shule na dini ni mambo ya madrasa, na kwamba anayezama katika moja ataipoteza nyingine. Imamu huyu alilipima jambo hilo zaidi ya miaka 900 iliyopita.

KUZALIWA NA MALEZI

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058 Miladia) katika mji wa Tus, Khurasan, sehemu ambayo leo ni Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini aliyesokota sufu na kuiuza. Alipokaribia kufa alimwachia rafiki yake wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba kidogo ili wasomeshwe. Akiba ilipokwisha, rafiki yule, naye ni fukara, aliwashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Hivyo ndivyo yatima yule alivyoanza safari ya elimu.

Alikwenda kusoma Jurjan. Akiwa njiani kurudi, wanyang'anyi waliwavamia wakachukua kila kitu. Aliwafuata akiwaomba wamrudishie daftari zake tu, kwani ndimo ilimokuwa elimu yake. Mkuu wao alimcheka: ni elimu gani hiyo ambayo mwizi anaweza kuondoka nayo? Daftari alirudishiwa, lakini maneno yale yalimwingia. Alikaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 Hijria (1085). Mwaka 484 (1091) waziri Nidhamul Mulk alimteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi, na katika darsa zake walikaa wanafunzi 300.

KUMI NA TATU

Imamu alitaka elimu isiyo na shaka, na kipimo chake alikichukua katika hesabu. Kumi ni zaidi ya tatu. Akitokea mtu akadai kuwa tatu ndiyo zaidi, na kwa ushahidi akageuza fimbo kuwa nyoka, Imamu anasema atastaajabia uwezo wa mtu yule, lakini hatakuwa na shaka yoyote kuhusu kumi na tatu. Muujiza wa fimbo haubadilishi hesabu.

Kwa kipimo hicho alianza kukagua mambo mengine. Jicho huiona nyota ni ndogo kama sarafu, lakini hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Basi jicho linaweza kukosea. Je, na akili? Swali hili lilimtesa karibu miezi miwili, hata asiwe na uhakika na lolote. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa hakuponywa na hoja, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia moyoni mwake.

HATARI MBILI

Aliisoma falsafa ya Wayunani peke yake, katika nafasi aliyoipata baina ya kufundisha na kuandika. Kisha mwaka 488 Hijria (1095) alikamilisha kitabu Tahafut al-Falasifa, akiwajibu wanafalsafa katika masuala 20. Lakini hakuikataa hesabu yao. Alionya juu ya hatari mbili.

Ya kwanza ni ya mtu anayeona jinsi hesabu zao zilivyo sahihi, akadhani kila wanalosema juu ya Mwenyezi Mungu ni sahihi vilevile. Hodari wa fani moja si lazima awe hodari wa kila fani.

Ya pili ni ya rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha kila walichosema, hata hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Mwenye kuijua hesabu ile hataitilia shaka, bali ataitilia shaka dini. Imamu aliona madhara ya mtetezi huyu ni makubwa kuliko ya adui.

Sisi wa mikoa hii tuna mfano wa karibu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa, Mbeya, likabaki kama pete. Wanahesabu walikwishaitaja siku na saa kabla. Tulioisali Sala ya Kupatwa siku ile hatukuwapinga wao, nao hawakutupinga sisi. Hesabu hutaja wakati, na sala humkumbuka aliyeuweka wakati huo.

ELIMU YA MANTIKI

Mantiki ni elimu ya kupima hoja. Imamu aliiandikia Mi'yar al-Ilm, Mihakk an-Nadhar na Al-Qistas al-Mustaqim, yaani Mizani Iliyonyooka. Humo alionyesha kuwa Qur'ani yenyewe inapima hoja. Nabii Ibrahim (A.S.) alipojadiliana na mfalme aliyedai uungu, alimtaka alitoe jua magharibi, na mfalme akashindwa.

Mfano wake mwingine ni mwepesi. Kila kilevi ni haramu. Kinywaji hiki ni kilevi. Basi kinywaji hiki ni haramu. Ukizikubali mbili za kwanza, huwezi kuikwepa ya tatu. Anayetaka kupinga aonyeshe ni ipi kati ya zile mbili si kweli. Kupaza sauti hakutamsaidia.

Katika Al-Mustasfa, kitabu chake cha Usul al-Fiqh alichokimaliza mwaka 503 (1109), alianza kwa mantiki na kusema kuwa asiyeimudu, elimu yake haiaminiki. Si wanachuoni wote waliokubali. Ibn as-Salah alimlaumu, na Ibn Taymiyya aliandika vitabu kuipinga mantiki ya Wayunani. Lakini hata mwenye kuipinga hoja hulazimika kuleta hoja.

KUACHA CHEO NA KUFARIKI

Mwaka 488 huohuo, Imamu alijikagua akaona anafundisha kwa kutaka jaha. Alisitasita karibu miezi sita, mpaka ulimi ukafunga asiweze kusomesha. Akaacha cheo, akaenda Damaski, Baitul Maqdis na Hija. Kisha akaandika Ihya Ulum ad-Din. Alifariki Tus tarehe 14 Jumada al-Akhira 505 (18 Desemba 1111).

Sisi Mashafi tunanufaika naye hata leo. Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo masheikh wa Lamu na Unguja wameisomesha kizazi baada ya kizazi, ni ufupisho wa Al-Muharrar ya Imamu Rafii, na Rafii ndiye aliyeisherehesha Al-Wajiz ya Al-Ghazali.

Wanafunzi wetu, msiikimbie hesabu kwa jina la dini, wala msiidharau dini kwa sababu mmefaulu hesabu. Hifadhini mnachosoma, mkipime, kisha mjipime wenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.